Mbio ndefu zimenishushia homoni: je, nichome sindano?

SWALI

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 29, nimeoa, naishi wilayani Chamwino, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikimbia mbio ndefu pamoja na kikundi cha wenzangu kinachofanyia mazoezi kandokando ya barabara ya Morogoro. Mchana ninapaka rangi majengo huko Mtumba, hivyo mazoezi yangu makubwa ni ya alfajiri, kabla jua la huku halijakaza. Tangu Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida ambaye sisi tunamhesabu kuwa jirani yetu, alipotwaa dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Tokyo mwaka 2025, kikundi chetu kimepata ari mpya, na kocha ametuongezea umbali hadi kufikia wastani wa kilomita 24 kwa siku, siku sita kwa wiki.

Mwanzoni muda wangu uliimarika. Sasa hali imegeuka: ninashtuka usingizini saa nane za usiku na kukosa usingizi hadi wakati wa kuondoka, miguu ni mizito tangu kilomita ya kwanza, muundi wa kushoto unauma, na uzito umeshuka kutoka kilo 61 hadi 57. Jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba hamu ya tendo la ndoa imepotea, na mke wangu ameanza kuuliza maswali ambayo sina majibu yake. Tumekaa kwenye ndoa mwaka na nusu bila ya kupata ujauzito.

Nilikwenda kupima damu mchana mmoja baada ya kazi, siku ambayo asubuhi nilikuwa nimekimbia kilomita 30. Majibu yalisema testosteroni, yaani homoni ya kiume, ni 7.9, ilhali kwenye karatasi ile kiwango cha kawaida kinaanzia 8.6. Rafiki yangu anayeuza katika duka la dawa ameniambia nichome sindano za homoni hiyo, kwa maelezo kwamba ninarudishiwa tu kilichopungua mwilini. Kocha yeye anasema kila mkimbiaji aliyeiva huwa hivyo, na hata binti mmoja wa kikundi chetu ambaye hajaona siku zake kwa miezi minne ameambiwa kuwa hiyo ni dalili ya kuiva.

Kuhusu chakula, kwa kuwa najua utauliza: sili kitu kabla ya kukimbia. Nikifika kazini, kwenye saa nne, ninakunywa chai ya rangi kwa chapati mbili, mchana ugali na maharage, usiku ugali na mlenda au mboga nyingine iliyopo. Naomba unieleze kama huu ni ugonjwa, kama mbio ndizo zilizouleta, na kama sindano ile itanifaa.

Mkimbiaji, Chamwino

JIBU

Marahaba, kijana wangu. Umeandika kwa uwazi ambao wagonjwa wengi wanaume hawanao hata wakiwa wamefungiwa mlango na daktari peke yake, na maelezo yako ya chakula yamenisaidia kuliko karatasi ya maabara. Nitaanza na sindano, kwa sababu mengine yanaweza kusubiri wiki moja lakini hilo haliwezi.

Usichome. Rafiki yako anadhani kwamba mwili wenye upungufu wa testosteroni ukiongezewa testosteroni kutoka nje unakuwa umekamilika, lakini korodani hazifanyi kazi kwa utaratibu huo. Ubongo, kupitia sehemu inayoitwa haipothalamasi, hupima muda wote kiasi cha homoni kilichomo katika damu; ukikuta kipo cha kutosha, hata kama kimetoka kwenye chupa, huacha kuiamrisha tezi ya pituitari, na pituitari nayo huacha kutoa homoni mbili, LH na FSH, ambazo ndizo zinazozifanya korodani zitengeneze testosteroni na mbegu za kiume. Matokeo yake ni kwamba hamu inaweza kurudi huku mbegu zikipungua au kwisha kabisa. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuendesha majaribio ya sindano za testosteroni za kila wiki kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1990 na 1996, kwa sababu hiyo hiyo kwamba zinazima utengenezaji wa mbegu. Mtu anayetafuta mtoto kwa mwaka na nusu hana sababu ya kujichoma dawa iliyowahi kujaribiwa kwa ajili ya kuzuia watoto. Mbegu hurudi baada ya kuacha, lakini huchukua miezi, na kwa wengine zaidi ya mwaka.

Kuna na upande wa michezo. Testosteroni imepigwa marufuku na kanuni za kimataifa wakati wa mashindano na nje ya mashindano, na kosa la kwanza la makusudi adhabu yake ni kufungiwa miaka minne. Upo utaratibu wa kuomba ruhusa ya kutumia dawa kwa sababu za tiba, lakini kwa homoni hii ruhusa hutolewa pale tu ambapo kuna ugonjwa halisi wa korodani, wa pituitari au wa haipothalamasi. Upungufu uliotokana na mazoezi au chakula kidogo hauhesabiwi. Na kwa kuwa najua barabarani utauziwa pia unga na mizizi ya kuongeza nguvu za kiume, ujue kwamba mwanariadha anawajibika kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, hata kama muuzaji aliapa kwamba ni mti mtupu.

Sasa tuje kwenye ile 7.9. Kipimo hicho kilichukuliwa katika wakati mbaya kuliko nyakati zote ambazo ungeweza kuchagua. Testosteroni hupanda usiku mtu akiwa amelala, hufikia kilele asubuhi, kisha hushuka kadiri siku inavyoendelea, na ndiyo maana vipimo vyake hutakiwa kuchukuliwa kati ya saa moja na saa nne asubuhi, kabla ya kula. Tena wewe ulikuwa umetoka kukimbia kilomita 30. Katika mazoezi mafupi yenye nguvu homoni hii hupanda kidogo, lakini baada ya mbio za saa mbili au zaidi hushuka chini ya kiwango cha kawaida cha mhusika, na kurejea kwake kunaweza kuchukua siku moja hadi tatu. Ongeza na usingizi mbovu, ambao peke yake unatosha kuishusha. Karatasi yako, kwa hiyo, inaeleza hali ya mchana ule mmoja tu. Rudia kipimo asubuhi, baada ya siku mbili au tatu za kupumzika, ukiwa huna homa wala mafua, na kikionekana chini tena kirudiwe mara ya pili siku nyingine kabla mtu yeyote hajakuita mgonjwa. Omba pia wapime LH, FSH na prolaktini, homoni za tezi ya thairoidi, wingi wa damu na akiba ya madini ya chuma, kwa maana uchovu unaousimulia unaweza kutokana na upungufu wa damu kwa urahisi ule ule.

Je, mbio ndizo zilizoleta haya? Hapa kocha wako ana sehemu ya ukweli, nami sitaki kumnyima. Mwanariadha aliyezoea mbio ndefu ana homoni zinazoenda tofauti na za mtu asiyefanya mazoezi. Anapokimbia, adrenalini na kotisoli, ambazo ni homoni za msongo, pamoja na homoni ya ukuaji hupanda, insulini hushuka, na kwa pamoja hufungua akiba ya sukari iliyo kwenye ini na mafuta yaliyohifadhiwa mwilini ili misuli ipate cha kuchoma. Aliyezoea, akikimbia kwa mwendo ule ule na yule asiyezoea, hutoa adrenalini kidogo zaidi, kwa kuwa kazi ile haimshtui tena. Kotisoli, ambayo siku hizi inasemwa vibaya mno mitandaoni, haina kosa kwa kupanda wakati wa mbio. Bila yake shinikizo la damu lisingesimama wala misuli isingepata mafuta ya kutosha. Kasoro huanza inapobaki juu hata saa za kupumzika. Mtaalamu wa Marekani, Anthony Hackney wa Chuo Kikuu cha North Carolina, amewachunguza kwa miongo kadhaa wanaume waliofanya mbio ndefu kwa miaka mingi, na akaeleza kwamba baadhi yao wana testosteroni ya chini kuliko wanaume wenzao wasiofanya mazoezi, ilhali LH yao haipandi kujaribu kuirudisha, kama vile ubongo umekubali kiwango kipya. Wapo kati yao ambao hawana tatizo lolote: wanakula vizuri, wanalala, wana watoto, mifupa yao ni imara. Hao hawahitaji tiba yoyote.

Wewe, hata hivyo, hauko katika kundi hilo. Umepoteza kilo nne, usingizi, hamu na kasi, na mfupa unalalamika. Haya yakikusanyika kwa mkimbiaji mmoja, neno la kwanza linalonijia ni njaa. Namaanisha njaa isiyotangazwa, ya mtu anayeshiba kila anapokula lakini ambaye hesabu yake ya siku haifungi.

Tuifunge pamoja. Mtu anayekimbia hutumia takribani kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita, kwa hiyo kilo zako 57 na kilomita 24 zinakula kama kilokalori 1,370 kwa siku. Chakula ulichonitajia, nikikadiria kwa ukarimu na nikizihesabu chapati kuwa kubwa, kinafika kama kilokalori 2,200. Ukitoa gharama ya mbio unabakiwa na 830 kwa ajili ya moyo, ubongo, ini, joto la mwili, kinga na ukarabati wa misuli, mbali na kazi ya kupanda ngazi na ndoo ya rangi kutwa nzima, ambayo hata sijaihesabu. Wataalamu hupima mabaki hayo kwa kila kilo ya mwili ukiondoa mafuta; kwa mkimbiaji mwembamba kama wewe tuseme kilo 52, na jibu linakuwa kama kilokalori 16 kwa kilo. Kiwango ambacho mwili hufanya kazi zake zote bila kujibana ni karibu na 45. Mtafiti wa Marekani, Anne Loucks, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2003, aliona kwamba wanawake vijana waliposhushwa chini ya 30 kwa siku tano tu, midundo ya LH kutoka kwenye pituitari ilivurugika. Kwa wanaume mpaka huo haujachorwa sawasawa na huenda uko chini zaidi kidogo, lakini 16 ni chini kwa vipimo vyovyote utakavyotumia.

Wewe ni mtu wa Ugogo, unajua mwaka ambao mvua ya Januari imekata na ghala limebaki robo. Nyumba haiachi kupika wala kuchota maji. Inachofanya ni kuahirisha harusi. Mwili nao, ukiona nishati haitoshi, unaahirisha uzazi kwanza. Leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili, hushuka na kuipa haipothalamasi taarifa kwamba akiba ni ndogo, haipothalamasi inapunguza midundo yake, LH inapungua, na korodani zinapunguza kazi ingawa zenyewe hazina ugonjwa. Thairoidi nayo inapunguza homoni inayoitwa T3 ili mwili utumie kidogo, kotisoli inabaki juu, na ujenzi wa mifupa unapungua. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la kitaalamu kuhusu hali hii mwaka 2014 na kulirekebisha mwaka 2018 na 2023, ikieleza kwamba inawapata wanaume kama inavyowapata wanawake, jambo ambalo viwanja vingi vya mazoezi bado havijalisikia.

Tiba yake iko sufuriani. Unahitaji kuongeza kati ya kilokalori 800 na 1,500 kwa siku, na kwa kuwa tumbo lako limezoea kidogo, anza na nyongeza ndogo kisha uipandishe wiki hadi wiki. Ninajali sana saa za kula. Kutoka chakula cha usiku hadi chai ya saa nne ni saa kumi na nne hivi, na katikati yake umeweka kilomita 24; watafiti wameona kwa wanariadha wanaume kwamba upungufu mkubwa wa nishati ndani ya siku huendana na kotisoli ya juu na testosteroni ya chini kulinganisha nayo. Kwa hiyo kabla ya kutoka alfajiri kula kitu chepesi, ndizi mbivu mbili au kikombe cha uji wenye sukari, na katika mbio za siku ndefu beba maji yenye sukari na chumvi kidogo, maana wanga wakati wa mbio hupunguza kupanda kwa kotisoli. Ukimaliza, usisubiri chai ya kazini; uji mzito wa uwele uliochanganywa na karanga za kusaga na nusu lita ya maziwa unakupa peke yake zaidi ya kilokalori 700, na unaweza kuubeba kwenye chupa ya chai. Mlenda ni mboga nzuri, ila kwa mtu wa kazi yako hauna nguvu ya kubeba ugali peke yake: upikwe kwa karanga kama bibi zetu walivyoupika, na pembeni yake kuwe na mayai, dagaa, kunde au nyama pale inapopatikana. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya alizeti ni kilokalori 120, na katika mkoa unaopakana na Singida hicho si kitu cha kutafuta kwa tochi. Gramu mia moja za karanga zinakaribia 570.

Wakati chakula kinapanda, kilomita zishuke. Punguza theluthi moja ya umbali kwa wiki nne hadi sita, ondoa mazoezi ya kasi, na uwe na siku nzima ya kutokimbia pamoja na nyingine nyepesi sana. Joto la Dodoma kuanzia Oktoba hadi mvua zinapoanza huongeza mzigo wa homoni za msongo na kukata hamu ya chakula, kwa hiyo katika miezi hiyo usikimbie baada ya saa mbili asubuhi. Kuhusu muundi, ubonyeze kwa kidole kimoja: kama maumivu yako mahali pamoja penye ukubwa wa sarafu, au yanakuamsha usiku, acha kukimbia kabisa hadi uonwe na daktari wa mifupa, kwa sababu huo unaweza kuwa ufa wa mfupa, na picha ya kawaida ya eksirei katika wiki za mwanzo inaweza isiuonyeshe. Mwambie daktari habari za homoni na uzito, asikutibu mguu peke yake.

Mke wako anastahili kuelezwa haya yote kabla hajatafuta maelezo yake mwenyewe, kwa kuwa hamu iliyopotea kwa njaa ya mwili haina uhusiano na mapenzi kupungua. Nendeni kliniki ya uzazi pamoja, kwa sababu mwaka na nusu umeshapita ule mwaka mmoja ambao baada yake wataalamu hushauri wenzi wachunguzwe, na uchunguzi uwe wa wote wawili. Mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, hivyo kipimo chako cha leo kinaonyesha ulivyokuwa ukila na kulala wakati huo. Kikiwa hafifu kirudiwe baada ya miezi mitatu ya utaratibu mpya. Wengi huona usingizi na hamu vikirudi ndani ya wiki kadhaa, ingawa mfupa huchelewa zaidi. Kama umekula, umepumzika, uzito umerudi, na miezi mitatu baadaye kipimo cha asubuhi bado kiko chini, basi umwone daktari bingwa wa homoni, maana hapo tutakuwa tunatafuta jambo jingine.

Kuhusu binti wa kikundi chenu, hapo sikubaliani na kocha hata kidogo, na ningependa umwonyeshe barua hii. Kukosa hedhi kwa miezi mitatu mfululizo ni sababu ya kwenda kliniki, kwa mkimbiaji na kwa asiye mkimbiaji. Kwake hesabu ni ile ile niliyokufanyia wewe, ila madhara ni makubwa zaidi kwa mifupa, kwa kuwa estrojeni, homoni ya kike iliyoshuka, ndiyo iliyokuwa ikiilinda, na msichana anayepoteza uzito wa mifupa katika umri wa kuujenga anaweza asiurudishe wote. Jambo la kwanza apime ujauzito, na hata kikionekana hana asidhani kwamba hawezi kushika mimba, kwa sababu yai linaweza kutoka kabla hedhi ya kwanza haijarudi. Akipewa vidonge vya uzazi wa mpango ili aone siku zake, aulize vizuri sababu: damu itakayotoka itatokana na vidonge, wala haitaonyesha kama ubongo wake umerudi kazini, na havimlindi mifupa kama chakula kinavyomlinda. Kama kocha hana mwanamke wa kumsaidia kuzungumza na wasichana kuhusu mambo haya, amtafute muuguzi wa zahanati iliyo karibu, aje siku moja ya mazoezi, aandike tarehe za hedhi za kila mmoja kwenye daftari ambalo kocha mwenyewe halifungui.